Krismasi ya Buha ipangwe wakati wa mavuno

Kuanzia wiki ya pili ya Desemba mabasi yanayotoka Dar es Salaam, Mwanza na Kahama huingia Kibondo na Kasulu, wilaya za Buha mkoani Kigoma, yakiwa yamefurika. Wanaoshuka ni watoto wa nyumbani: fundi ujenzi aliyepanga chumba Mbagala, mwalimu aliyeajiriwa Geita, mama mwenye genge la nyanya Kahama, na wajukuu ambao wengine hawajawahi kuona mvua ikishuka kwenye milima ya Heru. Wazazi wanaobaki vijijini huusubiri ujio huo mwaka mzima, na ni haki yao kuufurahia. Lakini jinsi tulivyozoea kuandaa chakula cha siku hizo inawaumiza wale wale tunaokwenda kuwaona. Mipango hufanywa kwa simu zikiwa zimebaki siku chache, pesa hutumwa njiani au hubebwa mfukoni, na mama wa nyumba huachiwa kazi ya kulisha ukoo mzima kutoka kwenye ghala ambalo kwa tarehe hiyo limeshafikia chini. Hoja yangu ni kwamba chakula cha Krismasi katika wilaya hizi kinapaswa kupangwa na kununuliwa Juni na Julai, na apange mwenye pesa pamoja na mwenye ghala. Kungoja Desemba ni kuchelewa.

Picha ya Krismasi ya kurudi nyumbani ambayo taifa zima limeizoea ni ile ya Uchagani: magari kupanda barabara ya Moshi, mbuzi kuchinjwa, mbege kunywewa kihambani. Picha hiyo imeenea hadi kwa watu ambao kalenda yao ya shamba ni tofauti kabisa. Nyanda za juu za Kigoma zina msimu mmoja mrefu wa mvua, unaoanza Oktoba na kumalizika Mei. Mkulima wa Kasulu hupanda mahindi na maharage mvua zinapoanza. Inapofika tarehe 25 Desemba mahindi hayo bado ni mabichi shambani, yanahitaji palizi, na maharage ya msimu wa kwanza ndiyo kwanza yanaanza kukomaa. Chakula kilichomo ndani ni cha mavuno ya katikati ya mwaka, nacho kimeliwa miezi mitano au sita. Ndiyo sababu bei ya gunia la mahindi huwa chini baada ya mavuno na kupanda kadiri mwaka unavyoelekea ukingoni. Kwa maneno mengine, tumeiweka sherehe yetu kubwa ya chakula katika kipindi ambacho chakula cha akiba ni kichache na kina bei, halafu tukaacha kuiandalia.

Tuchukue kaya moja yenye watu saba, wakafika wageni wanane, wakakaa siku kumi. Hao ni watu kumi na watano. Kilo moja ya maharage makavu, ikipikwa vizuri, inatosha watu wanane hadi kumi, kwa hiyo mlo mmoja unakula kilo moja na nusu hivi. Milo miwili kwa siku, kwa siku kumi, ni kilo 30. Unga wa ugali, kwa kipimo cha robo kilo na kidogo kwa kila mtu kwa mlo, unafika kilo nne kila chungu kinapoinjikwa, na kwa siku kumi ni kilo 80, yaani karibu gunia zima. Hapo hatujagusa mchele wala nyama, na hatujahesabu majirani wanaokuja kusalimia wageni, ambao hakuna nyumba ya Buha itakayowaacha waondoke hivi hivi. Sasa zitazame zile kilo 30 za maharage. Ekari moja ya maharage huhitaji mbegu kati ya kilo 30 na 40. Kwa hiyo kitoweo cha kawaida kabisa cha siku kumi za Krismasi, kile ambacho wageni hata hawakihesabu kama sehemu ya sikukuu, kinakaribia mbegu ya ekari nzima.

Mbegu hiyo inahitajika Februari. Kasulu na Kibondo ni miongoni mwa maeneo yenye bahati ya kulima maharage mara mbili kwa mwaka, na maharage ya Kigoma yanajulikana hadi sokoni Dar es Salaam. Msimu wa pili hupandwa Februari na Machi, mara tu baada ya mwezi wa Januari wenye mambo yake mengine mazito: shule zinafunguliwa, na ingawa elimu ya msingi na sekondari ya kawaida haina ada tangu 2016, sare, viatu, madaftari na michango bado viko mikononi mwa mzazi. Kaya iliyomaliza maharage yake kwa wageni huingia sokoni Februari kununua mbegu pamoja na wenzake wote waliomaliza ya kwao, kwa bei ya muuzaji. Nyingine hupanda nusu ya shamba. Nyingine hukopa kwa makubaliano ya kulipa kwa mavuno ambayo hayajaota. Hakuna mgeni aliyekusudia kufanya hivyo, na wengi wao wangeshtuka wakiambiwa. Hawaambiwi kwa sababu mzazi wa Kiha hawezi kumhesabia mwanawe vijiko, na kwa sababu ifikapo Februari mgeni alishaondoka siku nyingi. Kipimo halisi cha mlo wa Krismasi, basi, ni debe linalobaki Februari.

Mgawanyiko huu wa pesa kuwa mbali na chakula kuwa nyumbani una historia ndefu hapa. Wakati wa Waingereza, Buha iligeuzwa kuwa chimbuko la vibarua. Vijana wa Kasulu na Kibondo walisafirishwa kama manamba kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, na wenye mashamba walipoanzisha ofisi yao ya kuajiri, SILABU, mwaka 1944, kazi ya kuwakusanya watu kutoka magharibi ilipata utaratibu kamili. Mwanamume aliondoka kwa mkataba, mkewe akabaki kulima, kuvuna, kuhifadhi na kulisha. Mume alirudi na nguo na shilingi, mke akawa na ghala. Mkonge ulidorora na mikataba ile ikaisha, lakini umbo la familia nyingi ni lile lile. Anayepanga sherehe ni mwenye mshahara aliye mjini, na anayejua ghala lina nini ni mama aliye kijijini, nao wawili hawakai kikao kimoja kabla ya chungu kupanda jikoni. Mkulima yeyote angeona hatari ya shamba ambalo anayeamua cha kupanda hajui mbegu ziko ngapi. Kwa sikukuu tumeuona mpango kama huo kuwa wa kawaida.

Kikao chenyewe hakihitaji makubwa. Mwezi Juni au Julai, mavuno yakiwa yameingia, watoto walio mjini wanawauliza wazazi maswali mawili: mmevuna kiasi gani, na mnahitaji kiasi gani hadi mavuno yajayo, mbegu zikiwemo? Kinachopungua ndicho wanachokinunua, pamoja na gunia la wageni na maharage ya wageni, vitu ambavyo wakati huo vina bei nafuu hapo hapo kijijini. Gunia hilo liwekwe peke yake na lijulikane ni la nani. Tatizo la zamani la kuhifadhi miezi sita, ambalo liliwafanya watu wauze haraka, limepata dawa. Dumuzi, yule mdudu ambaye wakulima walimpachika jina la Skania tangu alipoingia kupitia Tabora, na fukusi wa siku zote, hawafui dafu mbele ya mifuko ya kinga njaa. Mahindi au maharage yakikaushwa sawasawa, yakafungwa ndani ya mfuko huo, hewa ikabanwa, mdudu aliyemo anakufa bila unga wa dawa hata kijiko. Mfuko mmoja kama huo ni zawadi bora kuliko katoni ya soda inayobebwa kutoka Kahama.

Muhogo unadai maandalizi ya mapema zaidi, na hapa wageni wengi hawajui kinachoendelea nyuma ya jikoni. Ugali wa muhogo unaopikwa Kibondo unaanza na mihogo kung'olewa, kumenywa, kulowekwa kwa siku tatu au nne hadi ilainike, kuminywa maji, kisha kuanikwa juu ya miamba, mikeka au mabati mpaka iwe mikavu ya kuvunjika. Kazi hiyo ni ya kiangazi. Mwezi Desemba jua hutoka saa mbili na kujificha saa sita, mvua inapiga mchana, na muhogo ulioanikwa hugeuka mweusi kwa ukungu kabla haujakauka. Mama anayeambiwa tarehe 18 kwamba wageni wameongezeka watano analazimika kununua unga wa watu, au kufupisha kuloweka. Kufupisha ni hatari ya kweli, kwa kuwa muhogo mchungu una sumu ya sianidi ambayo huondoka kwa kuloweka na kukausha vya kutosha. Tarime mwaka 1985, wakati wa ukame, watu walipopunguza siku za kuandaa muhogo kwa sababu ya njaa, ulizuka ugonjwa wa konzo unaopoozesha miguu. Sisemi kwamba mlo wa Krismasi utaleta konzo, maana ugonjwa ule hutokana na kula kwa wiki nyingi muhogo usioondolewa sumu ipasavyo bila protini ya kutosha. Ninachosema ni kwamba kazi ya unga ina muda wake, na muda huo ni Agosti na Septemba.

Kitoweo nacho kina kalenda. Dagaa na migebuka wa Ziwa Tanganyika ndio ladha ambayo Mha aliye mbali huiota, na barabara ya lami inayozidi kuunganisha Kabingo, Kasulu na Manyovu imewasogeza wavuvi karibu na soko la nyanda za juu. Lakini dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu samaki hawafuati taa, vipe, yaani vyombo vya wavuvi, hupumzika na bei hupanda. Krismasi ya 2023 iliangukia kwenye mbalamwezi, kwani mwezi ulikuwa mpevu tarehe 27 Desemba, na ya 2026 itaangukia pabaya zaidi kwa sababu mwezi mpevu ni tarehe 24. Anayengoja mkesha anunue dagaa wabichi katika miaka kama hiyo atalipa sana au atakosa. Tena mvua huharibu ukaushaji, na dagaa waliolowa wakiwa kwenye chanja huvunjika na kunuka. Wanaonunua Septemba, kabla mvua hazijakolea, hupata dagaa mkavu anayekaa hadi Januari bila shida. Serikali ilipofunga uvuvi ziwani kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka 2024 ili samaki wazaliane, watu wa ziwani walijifunza upya kwamba samaki hapatikani siku zote tunazomtaka. Wa milimani tujifunze pia.

Kuku wa kienyeji anahitaji miezi mitano hadi sita tangu kuanguliwa ili afae kuchinjwa, kwa hiyo kuku wa Krismasi ameshapangwa Juni, mtu atake asitake. Na kati ya Juni na Desemba kuna kideri, ambacho hupenda miezi ya kiangazi na kinaweza kufagia banda zima kwa wiki moja. Chanjo yake ya tone la jicho hurudiwa kila baada ya miezi mitatu na ni ya bei ndogo mno ukilinganisha na kuku mmoja wa sikukuu. Mtoto aliye mjini akituma pesa ya chanjo mwezi Julai na Oktoba atakuwa amenunua kuku wote wa ukoo.

Najua kuna watakaopinga, na wana sababu. Wa kwanza watasema pesa ikitumwa Julai italiwa Julai, kwa sababu kijijini shida hazikosi: mgonjwa, msiba, mtoto aliyefukuzwa shule kwa mchango. Hilo ni kweli kabisa, nami silioni kuwa aibu. Pesa ni laini. Ndiyo maana napendekeza itumike kununua bidhaa, na pale inapowezekana bidhaa inunuliwe na kikundi. Vikoba vimeshaota mizizi katika vijiji vya Kasulu na Kibondo, na vingi huvunja mzunguko Desemba na kugawana akiba. Wengi huchukulia mgao huo kuwa ndio pesa ya Krismasi, wakati tayari bei zimepaa. Kikundi kinaweza kuamua kugawana sehemu ya akiba Julai kwa umbo la magunia, au kununua ndama watakayemchinja kwa pamoja. Na ikitokea mgonjwa Septemba gunia la wageni likauzwa kumtibu, limefanya kazi nzuri kuliko pilau. Wageni waambiwe ukweli, wapunguze siku.

Wengine watasema watoto waliokulia mjini hawali ugali wa muhogo na sombe, yaani kisamvu, wanataka wali, chipsi na soda, na wasipopata watalia warudi kwao. Wali upikwe siku ya tarehe 25, na tena Mwaka Mpya. Hakuna anayepigania kuondoa furaha ya mtoto. Ila siku nane nyingine zilizobaki zina haki ya kula kinachotoka hapo hapo, na Desemba ndio mwezi wa mboga: matembele yamechipua, majani ya maboga yametambaa, lengalenga imejaa kando ya shamba, uyoga unaota kwenye misitu ya miombo upande wa Kibondo, na sombe iliyopikwa kwa mawese ya Kigoma haina mpinzani. Ripoti ya taifa ya afya ya 2022 ilionyesha kwamba watoto 30 kati ya kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, na Kigoma, mkoa wenye chakula kingi, haijasalimika. Kati ya sahani ya wali mtupu wenye soda na sahani ya ugali, maharage, dagaa na lengalenga, inayomjenga mtoto inajulikana. Mjukuu anayefundishwa kuipenda mara moja kwa mwaka ana cha kuendeleza anaporudi Mbagala.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote ni la ukarimu. Watu watauliza: tangu lini mwenyeji akamhesabia mgeni? Mgeni ni baraka, na Krismasi huja mara moja. Nakubali, na ndiyo maana mzigo wa kuhesabu nauweka kwa mgeni. Mwenyeji hawezi kusema. Mgeni anaweza kuuliza. Mila zetu wenyewe hazikumwacha mgeni akae tu. Ile methali ya mgeni wa siku mbili kupewa jembe siku ya tatu, ambayo Mwalimu Nyerere aliitegemea mwaka 1962 alipoeleza maana ya ujamaa, ilitungwa na watu wakarimu waliojua ghala lina mwisho. Na Desemba jembe lipo kweli. Mahindi ya Oktoba yanataka palizi, vibarua wa palizi wana bei, na hapo nyumbani wamejaa vijana wenye nguvu wanaoshinda kwenye simu. Mashamba mawili yakipaliliwa na wageni kabla ya sikukuu yatakuwa yamelipa maharage yote waliyokula.

Kuna kazi moja ambayo haionekani kwenye hesabu ya magunia. Kupikia watu kumi na watano kwa mafiga matatu kunataka kuni kavu, na Desemba kuni zimelowa. Kunataka maji mengi kuliko siku za kawaida, na mtu wa kuamka saa kumi na moja kuchemsha uji. Kazi hiyo karibu kila nyumba ni ya mama, wakwe zake na binti mkubwa, ambao hukutana na Krismasi wakiwa na moshi machoni huku wengine wakirudi kanisani. Nimesikia hoja kwamba jikoni ni kwa akina mama na wao wenyewe hawalalamiki. Wangelalamika kwa nani? Kama kweli jiko ni lao, basi wapewe sauti ya kuamua idadi ya wageni, siku za kukaa na kitakachopikwa, tena waulizwe Julai, kuni zikiwa bado zinaweza kupasuliwa na kupangwa chini ya paa. Wageni wa kiume wachote maji. Wakwe waliotoka mjini wapangwe zamu kabla hawajapanda basi.

Jambo dogo la dini lisisahaulike, kwa kuwa familia za Kigoma zimechanganyika. Mbuzi au kuku akichinjwa na Mwislamu, shemeji aliyetoka Ujiji anakula na wote. Kitimoto kikipikwa, kiwe na sufuria yake, na ndugu Msabato asilazimishwe. Kuuliza mapema kunaondoa fedheha ya mtu kukaa mbele ya sahani asiyoweza kuigusa.

Na mwisho wa safari kuna kifurushi. Mgeni wa Buha haondoki mikono mitupu: anafungiwa maharage ya njano kilo tano au kumi, kidumu cha mawese, unga wa muhogo, pengine asali ya Kibondo. Wageni wanane wakiondoka hivyo, wamebeba mbegu ya ekari nyingine au zaidi. Kifurushi hicho kisikataliwe, kwa kuwa kukikataa ni kumvunjia mzazi heshima mbele ya majirani. Kinachowezekana ni kuwa maharage yake yawe yamenunuliwa Julai pamoja na gunia la wageni, au yanunuliwe sokoni Kasulu siku moja kabla ya kuondoka na kukabidhiwa mama kimya kimya, ayafunge yeye mwenyewe kwa mikono yake na kuyatoa kama yake.